Kumngoja Ageuke

Jirani yetu wa Utange, yule tuliyemwita Mzee wa Mishale, hakukubali mnyama apigwe akiwa amemtazama mpigaji, hata kama mnyama mwenyewe ni wa sponji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomtoa kazini, na kwa sababu watu wa mtaani wakimtaja hulitaja kama kichekesho. Mimi nimelifikiria sana, kama ninavyofikiria kila kitu kupita kiasi, na bado sijaamua kama lilikuwa kichekesho.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wageni kupiga mishale katika hoteli moja ya ufuoni, upande wa Shanzu. Nyuma ya bwawa la kuogelea kulikuwa na kiwanja chembamba cha nyasi, na mwisho wake wavu mzito umetundikwa mbele ya ukuta. Alikaa hapo kila alasiri, amevaa shati la sare lenye maua na kofia yake ya viua, miguu wazi, kwa sababu viatu vya hoteli alisema vinamfanya asiisikie ardhi. Wageni waliochoka na maji walikuja mmoja mmoja. Yeye aliwafunga ngozi ya kukinga mkono, akawaonyesha pa kuweka nyayo, kisha akawasemesha Kiingereza chake, na Kijerumani na Kiitaliano alichokiokota, yote maneno ya kuamrisha: simama, vuta, ngoja, achia. Katika hayo alilipenda zaidi neno la ngoja. Alilijua kwa lugha nyingi kuliko alivyojua salamu.

Nje ya kiwanja kile asingeweza kushika upinde. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini yeye angali kijana mwenye nguvu zake, na tangu hapo mtu wa kwao akionekana njiani na podo la mishale haulizwi aendako, huitwa jangili. Upinde wake wa zamani alisema aliukata vipande akapikia uji. Zikabaki pinde za hoteli, za plastiki ngumu na kamba za nailoni, ambazo alizidharau na kuzipangusa kila siku. Mtaa mzima ulijua kwamba siku atakayotolewa pale ndiyo siku atakayoshika upinde mara ya mwisho. Mkewe alijua. Meneja wake alijua.

Asili yake siwezi kuieleza. Lafudhi yake ilikuwa ya ndani kule nyuma ya Kilifi, na ukimuuliza zaidi ya hapo alikujibu kwa kukuuliza kama umekula. Tulihamia jirani naye nikiwa darasa la chini, na kwa miaka yote hiyo nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, kwa sababu ukuta wetu ulikuwa mmoja na yeye hakuwa mtu wa kunong'ona.

Asiyemwona kiwanjani angedhani ni mtu asiye na subira hata chembe. Uji aliunywa ukiwa unachemka, ulimi ukaungua, akalaumu uji. Barabara ya Mtopanga aliivuka bila kugeuza shingo, magari yakipiga honi kulia na kushoto, naye akipunga mkono kama anayesalimiwa. Mtu akisimulia jambo alimkata katikati na kulimalizia mwenyewe, mara nyingi vibaya. Mchezoni kwenye dama aliiba kete waziwazi, na wenzake walikuwa wameshazoea, wakawa wanamwekea ulinzi kama duka la dhahabu.

"Mume wangu huyu yuwala kama yuwafukuzwa," mkewe aliniambia siku moja, nimekwenda kuchukua mahamri. Bibi huyo ni wa Mtopanga, wa ukoo wa zamani wa wafanyabiashara, na Kiswahili chake hakina haraka. "Nimuulize Mola, huo utulivu wa kungoja nyama msituni aliutoa wapi? Na kwangu mimi asiulete?"

"Nyama hanipigii kelele," mzee akajibu kutoka ndani.

Na huyu aliyejua kuua wanyama wakubwa kuliko yeye hakuweza kuchinja kuku. Ikifika sikukuu mkewe alimwita jirani. Nilimuuliza kwa nini. "Kuku huyu nimempa mchele asubuhi kwa mkono huu," alisema. "Jioni nimwambie nini?" Lakini kima walipokuja kuiba mapapai yake aliwatupia mawe ovyo, ya mgongo, ya kichwa, popote, akitukana. Nilipomkumbusha kwamba jana tu alinifundisha kuwa mnyama hapigwi ovyo, alinitazama kana kwamba nimepotewa na akili. "Yule si mnyama," akasema. "Yule ni mwizi."

Habari ya upande wa kupiga, yaani mnyama akae vipi ndipo mshale utoke, aliianza kwa mkwewe. Nimeisikia mara nyingi na haikubadilika, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

Kwao, zamani, kila mshale ulikuwa na sumu, iliyopikwa kwa mti mpaka ikawa nyeusi na nzito kama lami. Mwenye sumu hahitaji kuchagua. Mnyama akikupa kifua, bega au paja, ni mamoja, kwani sumu ikishagusa damu, mwindaji hukaa chini, hula muhogo wake, kisha hufuata nyayo taratibu. Mzee alilelewa hivyo. Halafu akamtaka binti wa Mtopanga, akasilimu, akakubaliwa. Baada ya harusi akamletea baba mkwe, aliyekuwa na duka la vitambaa, mguu mzima wa kuro. Alidhani atasifiwa.

Baba mkwe aliutazama ule mguu, akauliza kwa adabu, "Mwanangu, huyu alikufa kwa chuma au alikufa kwa sumu?"

"Alikufa."

"Najua alikufa. Kwa kitu gani?"

Baba mkwe akamweleza kwamba mshale uliotolewa kwa bismillahi, ukiua kwa makali yake, nyama yake huliwa. Ukimkuta mnyama angali hai ukamchinja, hiyo ndiyo bora zaidi. Lakini sumu ikishiriki, shaka imeingia, na yeye hali chenye shaka. Akaita paka wa nyumbani, akawapa mguu wote.

"Paka wa Mtopanga wakala kuro," mzee alimalizia kila mara, na hata miaka hii yote baadaye sauti yake ilionyesha kwamba haikumpendeza.

Akaacha sumu. Wenzake aliokuwa akiwinda nao walimcheka hadi machozi. "We, umeoa au umeolewa?" walimuuliza. Maana bila sumu mshale ni kijiti chenye chuma mbele. Ukigonga mfupa wa bega hausongi mbele. Ukiingia tumboni mnyama hukimbia akafie mbali kwa mateso, na nyama yake ikishakaa na uchafu wa matumbo huwezi hata kumpa paka. Msimu mzima wa kwanza alirudi nyumbani na miiba tu. Ndipo akaanza kujifunza kile ambacho baba yake hakuwahi kuhitaji kukijua, yaani ndani ya mnyama kuna nini, na kinaonekana ukiwa umesimama wapi.

Somo hilo alinipa mimi bila kuombwa, kwenye kibaraza chake, kwa kumtumia mbuzi wa jirani wa pili. Mwenye mbuzi ni mtu wa bara, kazi yake ni ya bandarini, na alikuwa akimfuga mbuzi yule kwa ajili ya Krismasi. Mbuzi alizunguka uani akila maganda, nasi tukimtazama.

"Huyu sasa?" niliuliza. Mbuzi alikuwa ameelekeza uso kwetu.

"Bado. Hapo mbele ni mfupa mtupu, na mlango wenyewe ni kama tundu la sindano. Tena anakuona. Ukiachia kamba, anaruka kabla mshale haujafika."

Mbuzi akageuka kidogo, bega likawa mbele yetu.

"Sasa?"

"Bado. Bega limekaa kama ngao."

Mbuzi akatupa mgongo.

"Sasa anakwenda," nilisema, na nakumbuka kwamba nilikuwa na wasiwasi wa kweli, kana kwamba chakula cha nyumba nzima kinatoroka.

"Mwache aende. Huyo wa kisogo humpigi kamwe, utatoboa matumbo yote." Kisha mbuzi akasimama ubavu, ameinamia ganda la embe. Mzee akashusha sauti. "Haya. Hapa panafaa. Lakini ngoja bado kidogo, akianza kukupa mgongo kidogo tu, kama mtu anayetaka kuondoka na hajaaga. Hapo. Umeona? Sasa usilenge ngozi unayoiona. Lenga mguu wake wa mbele wa upande wa pili, ule usiouona. Mshale ukienda kuutafuta mguu ule, utapita kwenye mapafu yote mawili. Atatembea hatua chache, alale. Hata hajui nini kimempata."

"Mzee!" sauti ikatoka ng'ambo ya uzio. "Kwani mbuzi wangu amekukosea nini? Kila siku unamwangalia hivyo!"

"Nampenda!"

"Mpende ukiwa ndani ya nyumba!"

"Mwate mbuzi wa watu!" mkewe akadakia kutoka jikoni.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo na nilikuwa natuma maombi ya kazi kila mahali, nikiyasoma kila moja mara nyingi mpaka tarehe inapita. Kwa hiyo nilifanya kile ambacho mtu kama mimi angefanya. Nilikwenda kulala na somo la mbuzi, nikaligeuza huku na huku, na kesho yake nikamwambia kwamba nimeelewa: hata katika maisha mtu hafai kupiga jambo linalomkabili uso kwa uso, bali angoje ligeuke.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mimi nasema habari za kulungu," akasema. "Kazi haina mbavu. Andika barua, peleka."

Niliandika, nikapeleka, na ndivyo nilivyojikuta hoteli ileile, kwenye dawati la wageni la idara ya burudani, kwa mkataba wa muda. Dawati langu lilitazama kiwanja cha mishale. Niliyaona yote yaliyofuata, na kama ningeulizwa ningeweza kuwa shahidi mzuri, ingawa mwenye kurudiarudia.

Swala wa sponji aliletwa na meneja wetu wa burudani, kijana wa Nairobi mwenye bidii na maneno mengi. Alikuwa swala wa Ulaya, dume, mkubwa kama ndama, pembe zimechipua matawi, kichwa juu, kifua mbele. Wafanyakazi wa jikoni walimwita Bwana Harusi siku ileile. Alisimamishwa kwenye bamba la chuma lenye bolti, mbele ya wavu, na meneja akamwelekeza uso kwa wageni.

Sababu yake ilikuwa na mantiki, na sikuweza kuipinga hata nilipojaribu kichwani. Wageni walitaka picha. Mtu anapiga mshale, rafiki yake amesimama nyuma na simu, na huko mbele swala mwenye pembe kubwa anawatazama. Ubavu wa swala haupigi picha nzuri.

Siku ya kwanza mzee alimtazama Bwana Harusi, akaenda stoo, akarudi na spana. Akamgeuza ubavu. Asubuhi meneja akamrudisha. Alasiri mzee akamgeuza. Ikawa desturi, na wageni waliokaa muda mrefu walidhani ni sehemu ya burudani.

"Mzee wangu," meneja alimwambia mara moja mbele ya dawati langu, "hii kitu ni sponji. Haina damu, haina moyo. Haiskii kitu."

"Najua ni sponji."

"Basi shida iko wapi?"

"Mimi si sponji. Nikimfundisha mtu apige hapo, nimemfundisha mimi."

"Lakini hakuna mtu ataenda kuwinda! Huyu mgeni akitoka hapa anarudi ofisini kwake, anauza bima!"

"Hilo wewe unalijuaje?"

Meneja akanigeukia kana kwamba mimi ndiye mkalimani. Alikuwa mpole, kwa kweli. Mwingine angemfukuza wiki ile ile. Badala yake aliniambia baadaye, "Wewe ni jirani yake. Ongea na yeye. Mwambie sitaki kumpoteza, lakini nikimkuta tena na spana, basi. Wageni wa wikendi watakuwa wengi, na mkurugenzi atakuwepo."

Nilikaa na sentensi zangu siku nzima. Nilikuwa na ya kumwanzia kwa mkewe, nyingine ya kumwanzia kwa umri wake, na nyingine ya upinde, kwamba afikirie mikono yake itafanya nini. Jioni nilimkuta kibarazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa."

Sentensi zote zikaniruka. "Amesema ukishika tena spana, ndiyo mwisho."

"Spana sitaishika," alisema.

"Kweli?"

"Wallahi sitaishika. Kalale."

Nililala vizuri usiku ule, na ningepaswa kujua.

Wikendi ikafika. Bwana Harusi alikuwa ametazama wageni, kifua mbele, amepanguswa vumbi. Mkurugenzi alikaa kivulini na meneja pembeni yake. Mzee alikuja na kofia iliyofuliwa, akawapanga wageni kwenye mstari, akawafunga ngozi za mikono, akawapa pinde na mshale mmoja kila mmoja. Akawaonyesha pa kusimama. Akasema, kwa Kiingereza, "Ngoja." Akarudia kwa Kijerumani, kisha kwa Kiitaliano.

Wakangoja. Yeye mwenyewe alisimama kando yao, mikono nyuma, akimtazama Bwana Harusi. Watu walinyamaza, wakidhani ni sehemu ya mafunzo. Kweli palikuwa na kitu pale, hata mimi kwenye dawati niliacha kupiga chapa. Upepo ulitikisa wavu. Mwanamke mmoja mzee wa Kijerumani alikuwa ameshika upinde vizuri kuliko wote, na macho yake hayakutoka kwa swala.

Muda ukapita. Mmoja akacheka. Mwingine akauliza tunangoja nini.

"Ageuke," mzee akasema.

Waliomwelewa wakawatafsiria wengine, na kicheko kikapita mstari mzima, kicheko chema kabisa. Kisha kikaisha, na mzee alikuwa bado anangoja. Hapo ndipo ilipoanza kuwa vigumu kutazama. Meneja alikuja kwa hatua za mtu asiyetaka kukimbia.

"Mzee, waambie wapige."

"Hajageuka."

"Hawezi kugeuka!"

"Basi leo hatupigi. Kuna siku hutoki na kitu. Ndiyo uwindaji."

"Si uliahidi?"

"Niliahidi spana. Sijaigusa."

Meneja akainua mkono, akawaambia wageni wapige. Wakapiga. Mishale mingi iliishia kwenye wavu, michache kifuani, mmoja usoni, chini ya jicho, na huo ndio uliopigiwa makofi. Yule mwanamke wa Kijerumani hakupiga. Alimrudishia mzee upinde wake, na sijui kama alielewa au alichoka tu.

Mzee alikusanya pinde zote kama siku zote. Alizipangusa, akalegeza kamba, akazitundika stoo, akavua shati la maua na kulikunja. Hakuna aliyemwambia aondoke kwa maneno, na hakusubiri kuambiwa. Nilipotoka kumfuata alikuwa ameshavuka barabara, bila kugeuza shingo.

Miezi iliyofuata haina mengi. Alikuwa nyumbani. Alikunywa uji. Kibarazani aliketi na mikono yake imelala mapajani, viganja juu, kama vyombo vilivyooshwa vikaachwa vikauke. Mbuzi wa jirani aliliwa Krismasi, akaletwa mwingine, naye hakumtazama. Kwenye dama aliacha kuiba kete, na hapo ndipo wenzake walipoanza kuingiwa na hofu. Mmoja wao alikuja kumuuliza mkewe kama mzee anaumwa.

"Haumwi," mkewe alisema. "Hana kazi ya mikono tu." Kisha, akinitazama mimi, "Na ninyi huko, hamna upinde mbovu mumpe hata akaukarabati?"

Sikujibu. Nilikuwa na majibu mengi, na mengine yalikuwa mazuri.

Huko hotelini akaja mwalimu mpya wa mishale, kijana mchangamfu aliyepiga muziki wageni wakivuta kamba. Wageni walimpenda. Wakapiga uso wa Bwana Harusi na kifua chake mpaka sponji ikaoza kwa matundu, pua ikadondoka, na mishale ikawa inapita moja kwa moja bila kushika. Kijana akafanya jambo la busara: akachukua spana, akamgeuza ubavu, mahali ambapo sponji ilikuwa bado nzima. Hakuna aliyemkataza. Picha zenyewe ziliendelea kupigwa. Baadaye kijana akapata kazi kwenye meli ya watalii, yule meneja akahamishiwa tawi jingine, na akaja meneja mwanamke, mama mmoja wa Changamwe, mtu wa maneno machache. Siku moja alisimama mbele ya dawati langu akitazama kiwanja kitupu.

"Nasikia kulikuwa na mzee," akasema.

"Abee, alikuwepo."

"Kamwambie arudi."

Nilishuka Utange na habari hiyo, nikiipanga njia nzima. Nilihofia kwamba nikisema haraka atadhani nimemwonea huruma, na nikichelewesha atadhani ni msiba. Nilimkuta kibarazani akimenya muhogo, vibaya, kwa haraka.

"Mzee, hoteli wanataka urudi."

Kisu kikasimama. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akashika fremu ya mlango.

"Yule amekaaje?" aliuliza. Hakuuliza meneja gani, wala lini.

"Ubavu. Uso umeisha. Walimgeuza."

Alicheka kidogo, puani. Nilidhani jambo limekwisha, nikaanza kupumua. Lakini alikuwa ameinua kisu, amekielekeza kwenye ukuta kana kwamba swala amesimama pale.

"Mguu wa mbele wa upande wa mpigaji," akasema, "umetangulia au umerudi nyuma?"

"Mguu?"

"Wa upande wa mpigaji. Ukiwa umerudi nyuma, mkono wa mnyama na bega vimefunika moyo. Ubavu huo ni bure, ni sawa na kumpiga ngao. Ukiwa umetangulia, mlango uko wazi."

"Wewe mzee wewe!" mkewe akasema. "Mguu wa sponji! Watu wamekuja kukuchukua, wewe wauliza mguu!"

"Nauliza mguu."

Niliufikiria ule mguu kwa nguvu zote. Nilikuwa nampita Bwana Harusi kila siku, asubuhi na jioni, na ningeweza kueleza matundu ya uso wake moja moja. Mguu sikuwa nao.

"Sijui," nilisema.

"Katazame. Kisha unipigie."

Nilirudi Shanzu. Ilikuwa saa za wageni kulala baada ya chakula, kiwanja kitupu. Nilisimama kwenye mstari wa kupigia na sketi yangu ya sare na viatu vya kisigino, nikachuchumaa ili nione vizuri. Mguu wa mbele wa upande wangu ulikuwa umerudi nyuma. Umekaa kabisa juu ya mahali penyewe, kama mlango uliofungwa.

Nilitoa simu. Nilijua kwamba nikisema umetangulia atakuja. Nilijua pia kwamba akija ataona, na akiondoka mara ya pili hatarudi tena. Nikisema umerudi nyuma, atasema basi, na mikono ile italala mapajani mpaka mwisho wake. Nilikaa pale nikiwaza hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, na kwa sababu ya ganzi nikainuka na kutembea, na kwa sababu natembea nikajikuta upande wa pili wa swala, karibu na wavu.

Kutoka upande huo, mguu wa mbele ulikuwa umetangulia.

Bila shaka. Mnyama anayetembea, mguu mmoja uko mbele na mwingine nyuma. Nilikwenda stoo. Fundi aliniuliza spana ni ya nini, nikamwambia, akanipa huku akicheka. Bolti zilikuwa na kutu na nilijikwaruza vidole. Bwana Harusi alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimwinua kwa kumkumbatia tumboni, mgeni mmoja akitutazama kutoka kwenye roshani, nikamzungusha mpaka kichwa kikawa kilipokuwa mkia, nikakaza bolti. Kisha nikarudi kwenye mstari, nikachuchumaa tena, nikatazama kwa muda mrefu ili niwe na hakika.

Nikampigia.

"Umetangulia," nilisema.

"Wa upande wa mpigaji?"

"Wa upande wa mpigaji."

Nilimsikia mkewe nyuma yake akiuliza, wasemaje, wasemaje.

"Alikuwa hivyo," mzee akauliza, "au umemgeuza wewe?"

"Nimemgeuza mimi."

Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na haraka ya kusema.

"Mwambie huyo mama kesho nakuja baada ya adhuhuri," akasema. "Na mtu asimguse."